Muhuri wa Mfalme Ahabu

Katika maandiko matakatifu ya Wayahudi, kitabu cha Wafalme, imo habari ya Nabothi wa Yezreeli, mtu wa kawaida aliyekuwa na shamba la mizabibu lililopakana na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitamani ili alifanye bustani ya mboga. Hakuanza kwa mabavu. Aliahidi kumpa mwenyewe shamba lililo bora zaidi, au kumlipa thamani yake kwa fedha. Nabothi alikataa, kwa kuwa shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Mfalme akarudi nyumbani amenuna, akajilaza kitandani na kususa chakula.

Yaliyofuata ndiyo tunayopenda wakuu wa serikali wayasome mara mbili. Mkewe, Yezebeli, aliandika barua, akazitia muhuri wa mfalme na kuzipeleka kwa wazee wa mji. Wazee hawakuuliza neno. Mashahidi wawili wa uongo walipatikana, baraza likaketi, Nabothi akapigwa mawe hadi akafa. Kwa mwenye kutazama makaratasi tu, shauri lilifuata taratibu zote. Naye Ahabu, alipoambiwa kwamba Nabothi amekufa, hakuuliza amekufaje. Akashuka kwenda kulitwaa shamba. Hata hivyo Nabii Eliya, ambaye Waislamu humwita Ilyasi, hakutumwa kwa mwandishi wa barua. Alitumwa kwa mwenye muhuri.

Habari hii yatukumbusha uwanda wa Basotu, karibu na Mlima Hanang, katika mkoa ambao tangu mwaka 2002 waitwa Manyara. Kuanzia karibu mwaka 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua huko mashamba makubwa ya ngano, yakafikia saba, yenye jumla ya eka zipatazo 100,000. Nia haikuwa bustani ya mtu mmoja. Ilikuwa mkate wa Taifa zima. Lakini uwanda huo ulikuwa malisho ya Wabarbaig, na humo walizikwa wazee wao katika makaburi ya heshima yaitwayo bung'eda. Matrekta yalipita juu ya baadhi ya makaburi hayo. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki. Katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Hatudai kwamba Hanang palikuwa na Yezebeli. Tunalikumbusha tu swali ambalo Ahabu hakuliuliza: ardhi hii imepatikanaje? Kiongozi anayeletewa jalada lililokamilika, kila karatasi mahali pake, bado anadaiwa swali hilo, hasa pale ambapo mwenye ardhi hana karatasi yoyote. Torati yenyewe ilimwagiza mfalme ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote za maisha yake, asije akajiona bora kuliko ndugu zake. (Ni wakuu wangapi leo wangekubali kazi hiyo ya kunakili? Hatuwacheki, maana sheria ni ndefu.)

Msomaji wa Unguja au Pemba asidhani kwamba haya ni mambo ya Bara. Jamaa za waliogawiwa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wajua ardhi ni nini kwa mnyonge, na aishiye karibu na fukwe zinazotamaniwa na wenye hoteli anamfahamu Nabothi bila kufundishwa.

Jibu moja lilitoka Mbulu. Baba na mwanawe wa kijiji cha Kambi ya Simba, ambacho wakati huo kilikuwa katika wilaya hiyo, walishinda mahakamani mwaka 1987 wakidai shamba lao la kimila. Kisha sheria ya mwaka 1992 ikafuta haki za namna hiyo. Tarehe 21 Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, wala haitwaliwi bila fidia ya haki, na kwamba Rais mwenyewe huishika ardhi kama mdhamini wa wananchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaleta hati ya haki hiyo ya kimila. Hutiwa sahihi na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wake, mwenye ardhi huweka sahihi yake au dole gumba, ndipo ofisa ardhi wa wilaya naye huitia sahihi, akaigonga muhuri na kuiandikisha.