Mtoto wa Miaka 10 Analipiwa Chakula Kama Baba Yake

Likizo za shule zikikaribia, wenzetu walioko Marekani na Uingereza huanza kuulizana habari za Disney. Watoto wameona matangazo, wenzao darasani wameshakwenda, na mzazi ambaye hajachukua likizo miaka miwili anaona haya kusema hapana. Hatuna neno na safari yenyewe. Tunachotaka kukizungumzia ni kitu kimoja kinachomeza hela za watu kimyakimya: mpango wa chakula wa hoteli, na namna unavyohesabu umri wa watoto wakubwa.

Pale Walt Disney World, Orlando, mtoto chini ya miaka 3 halipiwi mpango, anakula sahani ya mzazi. Kuanzia 3 hadi 9 ni mtoto. Akitimiza 10, basi, ni mtu mzima. Hakuna daraja la vijana katikati. Binti yako wa miaka 11 anayeacha nusu ya chipsi, kijana wa 15 anayekula kama fundi aliyetoka saiti, na baba yao, wote bei moja. Tiketi za kuingilia nazo zinafuata mstari huohuo.

Mpango huu ulisitishwa 2020, ukarudi Januari 2024. Bei za mwaka huo zilikuwa hivi: mpango mdogo, wa migahawa ya kuagiza kaunta, ulikuwa dola 57.01 kwa mtu mzima kila usiku mnaolala, na 23.83 kwa mtoto. Ule mkubwa, wenye mgahawa wa kukaa na kuhudumiwa, ulikuwa 94.28 na 29.69. Tangu hapo bei zimepanda, kwa hiyo cheki za tarehe zako kabla ya kulipa. Lakini hesabu inabaki ya aina ileile.

Chukua familia ya baba, mama na watoto wa miaka 8, 11 na 14, usiku tano, mpango mdogo. Watu wazima wanahesabiwa wanne, mtoto mmoja. Jumla dola 1,259.35. Kama hao wawili wakubwa wangehesabiwa watoto, ingekuwa 927.55. Tofauti ni dola 331.80, na imetokana na tarehe za kuzaliwa tu. Hela hiyo wengi wetu ndiyo tunayotuma nyumbani kwa mwezi mzima, karo na dawa za bibi zikiwemo.

Sasa, mtu mzima anapata nini kwa 57 zake? Milo miwili ya kaunta yenye kinywaji, kitafunio kimoja kwa kila usiku, na kikombe cha kujaza soda pale hotelini. Hapo kwenye kinywaji ndipo penye siri. Mwenye miaka 21 na zaidi anaweza kuchagua bia au divai mahali inapouzwa. Tukikadiria, sahani ya kuku au baga ni kama dola 14, soda 5, kitafunio 7. Mara mbili sahani na soda, weka na kitafunio: 45 hivi. Ongeza dola nne za kikombe, tunafika 49. Anayekunywa bia mbili kwa siku anairudisha 57 yake na chenji. Kijana wa miaka 12 ni vigumu kuirudisha, kwa sababu analipa bei ileile ya wanywaji. Na sisi tusiokunywa pombe, kwa dini au kwa hiari, tuko kundi moja na watoto wetu.

Huwezi pia kumnunulia mmoja ukamwacha mwingine. Wote waliomo kwenye chumba kuanzia miaka 3 wanaingia mpango mmoja, kwa siku zote. Ama wote ama hakuna. Milo ambayo hamjaila inakufa usiku wa manane siku ya kuondoka. Hakuna kurudishiwa hela.

Kuna wanaoshauriana kuandika umri wa uongo: "Sema ana 9, nani atajua?" Ndugu, achana nalo. Mtu wa viza asijizoeze kuandika tarehe za uongo kwenye fomu yoyote, hata ya hoteli. Halafu mwenye mpango wa mtoto anatakiwa kuagiza menyu ya watoto palipo nayo. Kijana wa miaka 13 utamlisha sahani ya mtoto wa miaka 5, na saa moja baadaye unatoa pochi tena.

Walioko Uingereza wanaokwenda Disneyland Paris wana nafuu kidogo, maana kule mtoto ni 3 hadi 11 na utu uzima unaanza 12. Tokyo wao wameweka tiketi ya vijana, miaka 12 hadi 17, jambo ambalo tungependa Orlando waliige. Mashirika ya ndege nayo yana mstari wao: mtoto ni wa miaka 2 hadi 11. Kwa hiyo yule wa miaka 11 atapanda ndege ya Orlando akiwa mtoto, akishuka akaketi mezani anakuwa mtu mzima. Ukipanga bajeti usiandike tu "watoto watatu". Andika umri wa kila mmoja, kisha angalia kila bei peke yake.

Neno kwa dada zetu wa Ghuba wanaosafiri na familia za waajiri. Ukiandikwa kwenye chumba kimoja na watoto, wewe ni mtu mzima kwenye mpango huo, na milo yako imelipiwa. Uliza kabla ya safari kama mna mpango au hakuna, na kama hakuna, nani analipa chakula chako. Isije ikatoka kwenye mshahara. Bakshishi ya mhudumu mezani haimo kwenye mpango, hiyo pia iulizwe mapema.

Kwa wenye vijana wakubwa, ushauri wetu ni kuuacha mpango na kulipa mnachokula. Disney wanaruhusu kuingia na chakula chenu na vinywaji visivyo na pombe, mradi pasiwe na chupa za glasi. Vyumba vya hoteli zao vina friji, kwa hiyo mkate, maziwa, mayai ya kuchemsha na matunda vinunuliwe dukani siku ya kwanza, asubuhi mle chumbani. Mchana mnunue mlo mmoja wa kaunta. Maji ya barafu kwenye kaunta za vinywaji ni bure ukiomba, na kwa joto la Florida mtayaomba mara nyingi.