Baridi ya Lukozi haizuii jua

Mgeni anayepanda kutoka Mombo, akapita Lushoto na msitu wa Magamba hadi Lukozi, hatafuti kivuli. Anatafuta sweta. Kwa mtu mwenye ualbino anayelima kabichi na viazi kwenye miteremko hii, ubaridi huo ndio mtego. Kinachounguza ngozi si joto bali mionzi ambayo mwili hauihisi, nayo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Ukungu mwepesi huipitisha. Mwenzake wa Tanga mjini hukimbizwa kivulini na joto. Huyu wa Lukozi huendelea na palizi hadi adhuhuri, na jioni ndipo shingo inapoanza kuwaka.

Mwaka 1908 daktari Mwingereza Archibald Garrod aliwaeleza wenzake jijini London kuhusu hitilafu za kurithi katika kemia ya mwili. Alitoa mifano minne, na ualbino ulikuwa mmojawapo. Mwili hutengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, nywele na macho, kutokana na tirosini, kemikali inayopatikana kwenye protini. Kazi hiyo ikikwama njiani, rangi haitoki au hutoka kidogo. Mtoto huwa amepokea jeni yenye hitilafu kwa baba na nyingine kwa mama, nao wenyewe mara nyingi ni weusi kama majirani zao. Kila mimba yao ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mwenye ualbino. Baba anayemtoroka mkewe kwa sababu ya rangi ya mtoto anaikimbia damu yake mwenyewe.

Ulaya hali hii hukadiriwa kwa mtu mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000; Tanzania kadirio linalotajwa sana ni mmoja kati ya 1,400. Magazeti yetu yameandika mengi kuhusu watu hawa kushambuliwa kwa mapanga kwa sababu ya ushirikina, na yalipaswa kuandika. Ila saratani ya ngozi imeua wengi zaidi.

Kuikwepa ni suala la ratiba ya familia nzima. Jembe lishikwe alfajiri, liwekwe chini saa nne, lirudiwe saa kumi jioni. Katikati hapo zipo kazi za chini ya turubai: kuchambua karoti, kufunga viroba, kupiga hesabu na madalali. Kule Moshi hutengenezwa losheni ya kukinga jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, nao hugawiwa bure. Ni msaada mkubwa, lakini jasho huiondoa, na haichukui nafasi ya shati zito la mikono mirefu.

Macho nayo yana shida yake. Bila melanini ya kutosha jicho halikui sawasawa tangu tumboni, hivyo mtoto huona kwa taabu na mboni hutikisika. Miwani husaidia kiasi tu. Shule ya wasioona ya Irente, karibu na Lushoto, imepokea watoto wa namna hii, ingawa wengi wao wangeweza kusoma shule ya kijijini kama wangekaa dawati la mbele na kupewa maandishi makubwa.

Halafu kuna kapelo, kofia inayopendwa na vijana. Hufunika paji la uso na kuacha masikio na shingo wazi, sehemu ambazo saratani hupenda kuanzia. Afadhali pama, yenye ukingo mpana pande zote. Na kidonda cha sikioni kisichopona kwa mwezi mmoja kisipakwe mafuta ya dukani. Kipelekwe hospitali ya wilaya kingali kidogo, wakati bado kinaweza kukatwa chote.