Sato, Pamba na Mtumbwi: Sauti za Herufi na Msomaji Mdogo wa Sengerema

Kiswahili ni miongoni mwa lugha ambazo maandishi yake hayamtegi msomaji, kwa kuwa herufi a hutamkwa vilevile katika sato, katika pamba na katika Sengerema, na neno likishaandikwa sawasawa hakuna anayelazimika kuuliza linatamkwaje. Unyoofu huo ulifanyiwa kazi: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia tahajia moja kwa shule za Afrika Mashariki. Pengine ndiyo maana watu wazima wengi hudhani kwamba kusoma Kiswahili ni jambo linalojileta lenyewe, mradi mtoto akae darasani. Tathmini za mpango wa Uwezo, ambazo tangu mwaka 2010 zimekuwa zikiwapima watoto wa Tanzania majumbani mwao, ziliwaondolea wengi dhana hiyo, kwani katika miaka ya mwanzo zilionyesha kuwa ni watoto watatu hivi tu kati ya kila kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Msongamano wa madarasa, uhaba wa vitabu na utoro vilichangia, lakini mchango wa njia yenyewe ya kufundishia haukuwa mdogo.

Njia iliyozoeleka ni ile ya silabi, yaani kipande cha neno kinachotamkwa kwa pumzi moja, ambayo kila aliyesoma Tanzania anaikumbuka kwa wimbo wake: mwalimu anaonyesha kwa fimbo ubaoni, na darasa zima linaitikia ba, be, bi, bo, bu, kisha cha, che, chi, cho, chu, mpaka ubao umalizike. Wimbo huo una faida yake, kwa sababu Kiswahili kimejengwa kwa silabi zinazoishia na irabu na sikio la mtoto huzishika upesi. Kasoro yake ni kwamba mdomo unaweza kwenda mbele na jicho likabaki nyuma. Mtoto aliyekariri mpangilio wa a, e, i, o, u huitaja bo bila kuitazama, kwa kuwa anajua inafuata bi, na mwalimu aliye mbele ya watoto themanini hana namna ya kutambua ni nani anayesoma na ni nani anayeimba. Akitaka kujua, na achanganye mpangilio, aanze na bu, aruke kwenye be, na sauti za darasa zitapungua palepale.

Mbinu ya sauti inaanzia hatua moja nyuma ya silabi. Msingi wake ni kwamba neno linalosemwa limeundwa kwa sauti ndogo ndogo, ambazo wanaisimu huziita fonimu, na kwamba kila herufi, au jozi ya herufi kama ch na sh, ni alama ya sauti mojawapo kati ya hizo. Mtoto hufundishwa kwanza kuzisikia sauti, kisha kuzihusisha na alama zake, kisha kuziunganisha ziwe neno, na mwishowe kulitenganisha neno ili aliandike. Hapa jina la herufi na sauti ya herufi ni vitu viwili. Mtoto aliyefundishwa kuziita herufi se, a, te, o, akiziunganisha anapata seateo, neno ambalo hakuna mvuvi wa Ziwa Viktoria aliyewahi kulisikia. Lakini aliyefundishwa kuivuta s kama mlio wa nyoka, ssss, akaifungulia a, akaigusa t kwa ncha ya ulimi bila kuiongezea irabu, kisha akamalizia na o, anausikia mwenyewe mdomo wake ukisema sato, samaki ambaye huenda alimla jana.

Sauti ya t haivutiki. Ulimi hugonga na kuachia, na mwalimu asiyeangalia huitamka te au ta bila kujijua. Kwa sababu hiyo ni busara kuanza na konsonanti zinazovutika, kama m, s, n na l, pamoja na irabu zote tano, ambazo katika Kiswahili hubeba karibu kila silabi, na kuziacha nyuma b, d, k, p na t mpaka mtoto aelewe kuunganisha ni kufanya nini. Kwa sauti chache za mwanzo mtoto anaweza kusoma mama, sima, mlima na lima, na huko kusoma neno zima katika wiki za mwanzo kunampa hamu ambayo mistari ya silabi zisizo na maana haimpi. Baadaye huja michezo ya kubadilisha sauti moja tu: pamba ikiondolewa p na kuwekwa k inakuwa kamba, ikiwekwa sh inakuwa shamba, ikiwekwa t inakuwa tamba, na mtoto anaona kwa macho yake kwamba alama moja imemtoa kwenye zao la biashara na kumpeleka kwenye kitu cha kufungia mtumbwi.

Mtumbwi wenyewe ni neno la kumpima mwalimu. Lina silabi tatu, m-tu-mbwi, na ile ya kwanza haina irabu kabisa, jambo linaloivunja kanuni iliyoimbwa ubaoni kwamba kila konsonanti hufuatwa na a, e, i, o au u. Mtoto aliyekariri kanuni hiyo husoma mutumbwi, na si kosa lake. Silabi ya mwisho inabeba herufi tatu za konsonanti mfululizo. Tena, mb ya mtumbwi, ambayo ni sauti moja iliyoshikana kama ilivyo katika pamba, haifanani na mb ya mbu, ambayo m yake husimama peke yake na kubeba mkazo: m-bu. Mambo haya hayaonekani kwenye jedwali la silabi, ila mtoto anayejua kusikiliza huyagundua bila sheria nyingi, kwani kamusi ya matamshi anayo tayari kichwani.

Swali linalostahili kuulizwa Sengerema ni kamusi hiyo imeandikwa kwa lugha gani. Wilaya hiyo ya mkoa wa Mwanza iko katika nchi ya asili ya Wazinza, na Wasukuma wameijaza kwa vizazi kadhaa, huku ufukweni wakiwamo Wakerewe na Wajita waliofuata uvuvi. Kwa hiyo mtoto wa kijijini aghalabu huingia darasa la awali akiwa na Kisukuma au Kizinza kinywani, na Kiswahili anakijua kidogo tu. Kisukuma kina irabu saba, wakati Kiswahili kina tano, na hakina r, ambayo nafasi yake huchukuliwa na l, hata jina la wilaya likawa Sengelema. Sauti za th, dh na gh, zilizoingia katika Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu, nazo hazimo, na mtoto anayetazama neno dhahabu, mali inayochimbwa mkoa jirani wa Geita, atasema zahabu.

Je, huyo amekosea kusoma? Jibu la makala haya ni hapana. Mtoto aliyeiona dh na kuitamka kwa sauti iliyo karibu zaidi katika lugha yake ameifumbua alama, na kasoro iliyobaki ni ya matamshi, ambayo mwalimu huinyoosha taratibu kwa mdomo wake mwenyewe, bila fimbo na bila kicheko cha darasa. Aliyekosea kusoma ni yule aliyeona picha ya pete pembeni mwa neno dhahabu akasema pete. Kuchanganya makosa haya mawili kumewanyamazisha watoto wengi waliokuwa wanasoma vizuri. Kwa upande mwingine, msemaji wa Kisukuma ana mtaji ambao mgeni hana: sauti ya ng', inayowatoa jasho wanafunzi wa Kiswahili kutoka Ulaya, kwake ni ya kila siku, maana mtoto kwa Kisukuma ni ng'wana. Ng'ombe haimsumbui kuitamka. Kinachohitaji kufundishwa ni ile alama ndogo ya ritifaa inayoitenga ng'ombe na ngoma, na mwalimu akianza na ng'wana kabla ya kuandika ng'ombe ubaoni, somo limekwisha nusu.

Kanda hii si ngeni kwa majaribio ya kusoma. Kati ya mwaka 1968 na 1972 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa UNESCO na Serikali wa kuwafundisha watu wazima kusoma kwa kuhusisha maandishi na kazi zao, katika mikoa ya kandokando ya ziwa, na vitabu vyake vilihusu pamba, uvuvi, migomba na ng'ombe; mwaka 1974 likaanzishwa hukohuko gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili waliojua kusoma wapate cha kusoma. Mkulima alifika darasani akiijua pamba kuliko mwalimu wake, na alichokosa ni alama tu. Fikra hiyo inamfaa pia mtoto wa miaka sita, ingawa kwa watoto ilichelewa kufuatwa.

Mageuzi upande wa watoto yalikuja mwaka 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipopunguzwa ukajikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wakapewa mafunzo yaliyoweka mbele utambuzi wa sauti na uhusiano wa herufi na sauti, pamoja na msamiati, ufasaha na ufahamu. Mwaka uliofuata michango ya shule ikaondolewa, watoto wakafurika, na mbinu inayomtaka mwalimu amsikilize mtoto mmoja mmoja ikakutana na madarasa yaliyouzidi mbali uwiano rasmi wa watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Walimu wenye uzoefu hujitafutia njia: herufi huandikwa kwenye vizibo vya soda ili kila kikundi kiunde maneno yake sakafuni, na waliokwisha kushika huwasikiliza wenzao.

Ikumbukwe pia kwamba mbinu hii imejadiliwa sana katika nchi zinazosema Kiingereza, lugha yenye sauti zipatazo 44 na herufi 26, ambako Uingereza tangu mwaka 2012 huwapima watoto wa miaka sita kwa orodha ya maneno 40, nusu yakiwa ya kubuni. Miongozo ya huko haifai kunakiliwa mzimamzima. Mtoto wa Kiingereza hutumia miaka akijifunza vighairi. Wa Kiswahili, akishazijua sauti thelathini hivi na alama zake, amemaliza sehemu hiyo, na silabi inarudi kuwa rafiki yake, kwani jicho lililozoea huishika mbwi kwa mkupuo bila kudodosa herufi. Kinachofaa kuazimwa ni lile jaribio la maneno ya kubuni: mtoto anayesoma lesipo na mtunda, maneno yasiyokuwamo katika wimbo wowote, anasoma kweli.

Mzazi aliyefundishwa kwa ba, be, bi hana haja ya kurudi darasani. Wakati wa kuanika dagaa anaweza kumuuliza mtoto ni neno gani kati ya sangara, sato na kamongo halianzi kwa mlio mmoja na mengine, au kamba ikiondolewa k inabaki nini, na mchezo huo, usiohitaji kitabu wala kalamu, unaweza kuchezwa kwa Kisukuma au Kizinza pia, kwa kuwa sikio linalojifunza kuzitenga sauti katika lugha moja halianzi upya linapoingia katika nyingine.