Kasongo–Kabambare: amortisere ngumu haibebi mzigo

Kwenye barabara ya udongo kati ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, gari la zamani kama Land Cruiser halikawii kumaliza amortisere. Mwenye gari huvutika kununua ngumu kuliko zote, akidhani zitabeba abiria na magunia.

Hapo ndipo pesa inapopotea. Mzigo hubebwa na springi. Amortisere hutuliza mruko ili tairi lishike udongo. Ikiwa ngumu kupita kiasi, tairi hurukaruka kwenye matuta na breki inakosa pa kushika. Shofere hulitambua hilo mteremkoni, watu wakiwa nyuma.

Kwa safari ndefu ya mashimo, ya gesi inafaa kuliko ya mafuta matupu, kwani mafuta yakipata joto na kuchanganyika na hewa hutoa povu, nayo inalegea. Gari lililoinuliwa linataka ndefu zaidi.

Ya okazyo isimamishwe wima, ishindiliwe na kuvutwa mara nne au tano. Ikiendelea kushuka bure kabla ya kukaza, au mafuta yakichuruzika, muuzaji abaki nayo. Na zibadilishwe mbili, kushoto na kulia, pamoja na kaucho zake.