Kichocheo cha Metali Mbili: Kutoka Tanuri hadi Mwanga

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kusitisha usafishaji mwaka 2013, kilitegemea kitu ambacho mpitanjia aliyeyaona matangi na mabomba yake hakuweza kukiona, nacho ni kichocheo, yaani dutu inayoharakisha mmenyuko wa kikemikali bila yenyewe kuliwa na mmenyuko huo. Mafuta ghafi yalipokwisha kutenganishwa, sehemu nyepesi isiyofaa injini za magari jinsi ilivyo ilipashwa joto la karibu nyuzi 500 za Selsiasi na kupitishwa kwenye kichocheo, ili molekuli zake zijipange upya ziwe petroli nzuri. Kwa kazi ya namna hii viwanda vingi duniani hutumia platini, chini ya asilimia 1 ya uzito, iliyotandazwa juu ya punje za alumina. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 imejulikana kwamba platini ikichanganywa na reni huchelewa kuzibwa na masizi ya kaboni. Kuunganisha metali mbili, basi, si jambo geni. Jipya ni kuliondoa tanuri na kuutia mwanga mahali pake.

Dhahabu ikigawanywa kuwa chembe za nanomita kumi au ishirini, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, hupoteza umanjano wake, na maji yenye chembe hizo huwa mekundu kama ubuyu wa Mombasa, kwa kuwa elektroni zake huyumba kwa pamoja na kufyonza mwanga wa kijani. Nishati hiyo, hata hivyo, hupotea bure mara nyingi, maana dhahabu ni kichocheo kizembe kwa mimenyuko mingi. Paladi ni metali hodari wa kuunganisha kaboni na kaboni, lakini hufyonza mwanga unaoonekana kwa udhaifu zaidi. Zikiunganishwa katika chembe moja, dhahabu hunasa mwanga na paladi hufanya kazi.

Mwaka 2013, kiwanda cha Changamwe kilipokuwa kikizimwa, Huaiyong Zhu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, Australia, walionyesha kuwa chembe za aloi ya dhahabu na paladi, zikimulikwa, huharakisha mmenyuko wa Suzuki, unaounganisha kaboni na kaboni, katika joto la kawaida. Mmenyuko huo, uliompa Akira Suzuki sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2010, hutumika kutengeneza losartani, dawa ya presha inayomezwa na wagonjwa wengi.

Wataalamu bado wanabishana iwapo mwanga hufanya kazi kupitia elektroni zenyewe au kwa kuipasha chembe joto tu, na ubishi huo ni wa maana, kwa sababu kama ni joto tupu, faida ya mwanga hupungua sana. Tatizo gumu zaidi ni kwamba mwanga haupenyi mbali ndani ya chombo kilichojaa chembe, kwa hiyo petroli ya nchi nzima haiwezi kutengenezwa hivi. Lakini kwa dawa, ambako kilo chache huwatosha wagonjwa maelfu, chombo chembamba chenye taa kinatosha.