MELI ILIZAMA, BUNDUKI ZIKAIBUKA

Vijana wa Katesh na Mbulu mjini, magendo ya sukari na vitenge mmeyasikia sana. Leo sikieni magendo ya bunduki, tena meli nzima!

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914, manowari za Mwingereza ziliifunga pwani yetu yote. Nchi ilikuwa ya Mjerumani. Mkuu wake wa jeshi, Lettow-Vorbeck, alikuwa na askari weusi wengi wenye bunduki za kizamani, toleo la 1871. Ukifyatua moja tu linatoka wingu la moshi, adui anajua ulipojificha. Vita gani hiyo?

Basi wakubwa wa Ujerumani wakacheza mchezo. Walichukua meli ya Waingereza waliyoikamata Hamburg, Rubens, wakaibandika jina la Kronborg na bendera ya Denmark. Ikaondoka Februari 1915, ikaizunguka Afrika hadi karibu na Tanga. Tarehe 14 Aprili manowari Hyacinth ikaifuma. Kapteni Christiansen akakimbilia ghuba ya Manza, akaizamisha mwenyewe penye maji mafupi, kisha akawasha moto mbao zilizokuwa juu. Mwingereza akapiga mizinga, akaona moshi, akaondoka zake akijua kazi kwisha.

Kwisha wapi! Wapiga mbizi wakaingia, wakatoa bunduki mpya zaidi ya elfu moja na risasi kwa mamilioni. Zilizolowa zikafumuliwa, baruti ikakaushwa, zikafungwa upya. Nyingine ziligoma kulia, lakini nyingi zilifanya kazi.

Machi 1916 ikaja ya pili, Marie, ikatia nanga Sudi, kule Lindi. Hii ilileta hadi mizinga. Na mizigo yake ilifungwa tangu Ulaya kwa kipimo cha kichwa cha mpagazi, maana barabara hakuna, na wanyama wanauawa na mbung'o. Vita ya pili Wamarekani waliwapelekea wapiganaji wa Ufilipino silaha kwa nyambizi. Huku kwetu, meli ikishafika pwani, safari ndefu ilikuwa ya miguu ya watu.

Hata Mwingereza yalimkuta. Aprili 1916 wapanda farasi wa Van Deventer walitoka Arusha, wakapita Ufiome, jirani na Babati, wakaingia Kondoa tarehe 19. Mvua ikakata njia nyuma yao. Farasi wakafa, askari wakalala njaa, chakula kikabebwa vichwani kwenye matope.

Novemba 1917 Mjerumani akajaribu angani. Puto kubwa la injini, L59, likatoka Bulgaria na tani 15 za dawa na risasi. Likafika Sudan, likaitwa kwa redio lirudi. Lettow-Vorbeck akaendelea hadi Novemba 1918 kwa silaha za kuteka na migongo ya wapagazi.

Christiansen ameandikwa vitabuni. Sanamu ya Askari pale Dar, ya mwaka 1927, imeshika bunduki. Wapagazi wamo kwenye maandishi ya chini, wote kwa pamoja, bila jina la hata mmoja.