Ulimi wa Mpishi wa Waragi

Mama aliichukua chupa mkononi mwangu kabla sijamaliza kueleza ni ya nini. Lebo hakuitazama. Aliitikisa mara tatu, akaiinua ielekee mwanga wa mlango, akaangalia mapovu yanavyopasuka. Mapovu makubwa yanayokufa upesi ni dalili ya ukali. Madogo yanayong'ang'ania shingoni mwa chupa ni dalili ya maji. "Hii si kali sana," akasema. "Arobaini na kidogo." Kwenye lebo iliandikwa asilimia 43.

Tulikuwa barazani kwake, nje kidogo ya mji wa Tororo, mahali ambapo ule mwamba mkubwa wa Tororo unaonekana ukigeuza shingo tu. Asubuhi nilikuwa nimevuka mpaka wa Kenya na Uganda pale Malaba nikiwa na chupa ya Appleton Estate ya miaka 12, ramu ya Jamaica, nimeiviringisha ndani ya sweta kama yai. Binamu yangu aliinunua uwanja wa ndege akanipa. Ningeweza kuinywa nyumbani Busia na marafiki, wakaichanganya na soda, ikaisha kabla ya saa tatu usiku. Lakini mama huyu, mwenyeji wangu, amepika waragi, pombe kali ya kienyeji, tangu watoto wake hawajaanza shule, na sasa ana wajukuu. Jina lake silitaji. Sheria ya Uganda inajua sababu.

Nilikuwa nimebeba pia glasi mbili zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, zile wanazotumia waonjaji. Mdomo mwembamba hukusanya harufu. Unamimina kidogo, unaiacha dakika kadhaa, kisha unanusa ukiwa umeachama kidogo ili ukali wa pombe usikuchome pua. Nilimweleza hayo yote kwa makini ya mwalimu mgeni. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akamimina matone kwenye kijiko na kuwasha kiberiti.

Moto wa buluu, mtulivu. Akatikisa kichwa kuridhika. Halafu akajimwagia kidogo kiganjani, akasugua mikono, akaileta puani. Hapo nilinyamaza, maana hata waonjaji wa ramu wa Ulaya na Karibiani hufanya hivyohivyo: pombe huruka kwanza, na kinachobaki kwenye ngozi ndicho kilichotoka kwenye muwa na kwenye mti wa pipa.

"Sukari guru iliyoungua chini ya sufuria," alisema. Akanusa tena. "Na ganda la chungwa. Na kuna mbao."

Mimi nilikuwa nimeandika kwenye daftari: chungwa, kakao, vanila, kungumanga. Ya kwake ilikuwa bora kuliko yangu.

Rangi haikumvutia hata kidogo, na hapo alikuwa sahihi kuliko wanunuzi wengi. Ramu hii ina rangi ya strungi iliyokolea, na watu hudhani weusi ni umri. Watengenezaji wengi wa ramu huongeza karameli ili chupa zote zifanane, kwa hiyo rangi ni shahidi asiyeaminika. Umri unauonja mdomoni. Funda la kwanza ni la kuutayarisha ulimi tu, usilihukumu. La pili ndilo: utamu kidogo mwanzoni, kisha ukavu wa mbao, kisha joto linaloshuka polepole na kukaa. Ukiongeza matone mawili ya maji, harufu hufunguka. Hukumu yangu ni kwamba ramu hii ni nzuri sana katikati, lakini mwishoni mti unazidi kidogo, kama chai iliyosahauliwa jikoni. Mama alisema haina kosa, ila haina haraka.

Nikamwambia kwamba mchanganyaji mkuu wa ramu ya Appleton ni mwanamke, Joy Spence, aliyeishika kazi hiyo mwaka 1997, na kwamba anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza duniani kuishika. Mama akashangaa kwamba ni habari. "Kwani wapishi wengine ni nani?" Kweli, ukizunguka vijiji vya pande zote mbili za mpaka, pipa la bati, moto wa kuni, bomba la shaba linalopita kwenye maji baridi, vyote mara nyingi viko mikononi mwa wanawake. Karo nyingi za shule za huku zimetonea kwenye jerikeni.

Na malighafi ni ileile. Ramu ya Jamaica hutoka kwenye molasi, lile tope jeusi tamu linalobaki sukari ikishatolewa. Huku Busia matrela ya miwa yanapita mchana na usiku, mengine yakivuka kutoka Uganda kwenda viwanda vya Kenya. Muhoroni, Kenya, kuna kiwanda kinachogeuza molasi kuwa spiriti. Kenya Cane ni ya muwa. Konyagi ya Tanzania ni ya molasi. Mpishi wa kijijini naye huchachusha molasi au sukari guru, upande wa Kenya wakiuita mchachu huo kangara, kisha huupika. Chang'aa, waragi, enguli: majina yanabadilika ukivuka kizuizi, pombe ni ndugu. Hata jina waragi wengine husema ni Kiingereza cha "war gin" kilichopinda, wengine hulisikia humo neno la Kiarabu, araki.

Kinachotutenga na Jamaica ni serikali na muda. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 iliwataka wapishi wa Uganda wawe na leseni na wauze pombe yao kwa kiwanda, ikasafishwe upya. Ndipo Uganda Waragi ilipozaliwa. Wasio na leseni walijificha. Kenya iliipiga chang'aa marufuku mwaka 1980, ikairuhusu kwa masharti mwaka 2010 kwa ile sheria watu wanayoiita ya Mututho, mbunge aliyeiwasilisha, na masharti yake, likiwamo la chupa ya glasi isiyopungua mililita 250, hayakuandikwa yakimfikiria mwanamke mwenye pipa moja. Anayeweza kukamatwa Alhamisi hapiki pombe ya kunywewa baada ya miaka 12. Anaipika jioni, inauzwa asubuhi.

Kujificha huko kumeua watu. Kabale, Uganda, mwaka 2010, zaidi ya watu 80 walikufa kwa waragi yenye methanoli. Muwa wenyewe ukichachuka hutoa methanoli kidogo mno. Sumu kwa kawaida huingizwa na muuzaji anayetaka ukali wa bei rahisi. Nilimwambia mama kwamba kijiko na kiberiti haviwezi kuigundua, kwa sababu methanoli nayo huwaka. Akakaa kimya kidogo. Akasema ndiyo maana yeye hanunui kwa mtu, hunywa aliyoipika mwenyewe.

Kisha nikampigia hesabu ya mapipa ya mwaloni. Katika joto la Jamaica, ramu hupotea hewani karibu asilimia 6 kila mwaka. Wenyewe husema ni fungu la malaika. Pipa la lita 200 likikaa miaka 12 hubaki lita 95 hivi. Nilidhani atastaajabia malaika. Alistaajabia mwenye pipa.

"Miaka kumi na miwili," akasema, "watoto wake walikuwa wanakula nini?"

Sikuwa na jibu, na daftari langu halikuwa nalo. Alimalizia glasi yake, akanisukumia chupa iliyobaki nusu.

"Ikiisha, mwanangu, niletee chupa. Glasi nzito namna hii haipatikani sokoni."